Adabu na Woga Katika Makuzi ya Mtoto

Mtoto anayejiamini hutambulika kwa jambo dogo: asipoelewa, huuliza. Anayeogopa hunyamaza, na ukimya wake huhesabiwa kirahisi kuwa ni adabu. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mtoto mpole, asiye na neno mbele ya wakubwa, husifiwa na wageni, na wazazi wake hupongezwa kwa malezi mema. Mara nyingi sifa hiyo ni ya haki. Lakini wakati mwingine humwangukia mtoto aliyeacha kusema kwa sababu kila aliposema alipigwa au alichekwa. Mtoto huyo anahitaji msaada, naye anapewa pongezi. Mwandishi wa makala haya, aliyelelewa na bibi yake wilayani Muheza na baadaye akafundisha shule za msingi mkoani Tanga hadi kustaafu, amewaona watoto wa aina zote mbili kwa muda mrefu, na kumbukumbu za miaka hiyo ndizo zilizozaa sehemu kubwa ya mifano iliyomo humu.

Msingi wa kujiamini huwekwa kabla mtoto hajajua kusema. Mojawapo ya tafiti za kwanza kulionyesha hilo ilifanyika karibu na Kampala. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, alifika Uganda mwaka 1954 na kuanza kuwatembelea akina mama wa Kiganda majumbani mwao. Kwa miezi kadhaa alizizungukia familia 26, akitazama jinsi watoto wanavyonyonya, wanavyolia, wanavyobebwa na wanavyoanza kutambaa. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake hamng'ang'anii. Huteremka mapajani, akatambaa hadi mlangoni, akageuka kumtazama, kisha akaendelea na safari yake. Akishtuka, hurudi mbio. Aliona pia kwamba akina mama walioweza kusimulia mambo madogo madogo ya watoto wao kwa undani, anachopenda, kinachomtisha, anavyolala, ndio ambao kwa kawaida watoto wao walikuwa na uhakika huo. Na hakukuta mama peke yake. Watoto walikuwa wameshikamana pia na baba, bibi na ndugu wakubwa.

Utafiti huo unajibu onyo linalosikika kila mahali, kwamba mtoto akibebwa kila anapolia atadeka. Mtoto wa miezi sita hana hila. Analia kwa njaa, maumivu, usingizi au upweke, na anayeitikiwa hujifunza kwamba sauti yake inafika. Hilo ndilo somo la kwanza la ujasiri, na halihitaji fedha wala elimu ya juu.

Anapoanza kusema, mtoto huhitaji watu wa kusema nao, na hapa utamaduni wa Waswahili na majirani zao ulikuwa na mpango mzuri kuliko inavyokumbukwa siku hizi. Utani kati ya bibi na mjukuu ulimpa mtoto mahali pa kumjibu mkubwa bila kuvunja heshima. Bibi alimwita mjukuu wake wa kiume mume wake, akamlalamikia kwamba haleti nyama nyumbani, naye mtoto wa miaka minne akajitetea kwa hoja zake mbele ya watu wazima waliokuwa wakicheka pamoja naye. Hawakuwa wakimcheka yeye. Huko Muheza, jioni baada ya chakula, vilifuata vitendawili. Sheria ya kitendawili inajulikana: aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji huupokea na kujisifu alivyokwenda huko na alivyokaribishwa. Mtoto aliweza kumshinda babu yake, akapewa Mombasa au Zanzibar nzima, akasimama mbele ya ukoo akasimulia safari yake ya kubuni huku kila mtu akimsikiliza. Ni vigumu kupata zoezi bora zaidi la kujenga ujasiri wa kusema mbele za watu. Wazee walioshindwa hawakupungukiwa heshima hata kidogo, na asubuhi yake mtoto yuleyule aliwaamkia shikamoo kama kawaida.

Anayedai kwamba mila zetu zilimtaka mtoto anyamaze tu anasimulia nusu ya mila. Nusu nyingine, ile ya utani, hadithi na vitendawili, imepungua katika nyumba za mjini ambako bibi yuko mbali na jioni ni ya televisheni na simu. Amri zimebaki, lakini uwanja wa kujibu umeondoka. Mzazi anayetaka kuurudisha hana haja ya kusubiri likizo ya Desemba kwenda kijijini. Robo saa ya vitendawili kabla ya kulala inatosha kuanzia.

Kazi ndogo za nyumbani nazo hujenga. Sara Harkness na Charles Super, walioishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wakipsigis wa Kokwet nchini Kenya katika miaka ya 1970, walikuta kwamba wazazi wa huko walipima akili ya mtoto kwa mambo anayoweza kuaminiwa nayo: kukumbuka alichotumwa, kumwangalia mdogo wake, kuona kazi inayohitajika bila kuambiwa. Mtoto anayetumwa dukani kununua chumvi na kurudisha chenji kamili amethibitishiwa kitu ambacho maneno ya sifa hayawezi kumthibitishia. Tahadhari ni moja: kazi ilingane na umri wake, isimnyime shule wala mchezo, na akikosea asigeuzwe kisa cha kusimuliwa kwa majirani. Mtoto wa kike anayeosha vyombo vya watu kumi huku kaka zake wakicheza mpira hajengwi. Anatumikishwa.

Jambo linalobomoa upesi zaidi katika umri huu ni kuaibishwa. Mfano mmoja unastahili nafasi ndefu kwa sababu karibu kila msomaji wa pwani amewahi kuushuhudia. Mtoto aliyekojoa kitandani alibebeshwa mkeka au godoro lake bichi, akazungushwa mtaani, na watoto wenzake wakamfuata kwa nyimbo na makofi. Wakubwa waliamini kwamba aibu itamponya. Ukweli wa kitabibu ni tofauti. Takriban asilimia 15 ya watoto wenye umri wa miaka 5 bado hukojoa usiku, na kila mwaka unaopita sehemu yao huacha wenyewe. Hali hiyo hurithiwa katika familia, kwa hiyo mara nyingi baba au mama anayeshika fimbo alikuwa vivyo hivyo utotoni. Mtoto amelala, hakuamua. Aibu haikifundishi kibofu kitu. Humfundisha mtoto kuogopa usingizi, kukataa kulala kwa shangazi, kuficha shuka chini ya kitanda na kusema uongo asubuhi.

Kilicho muhimu zaidi ni mtoto aliyekwisha kuacha kwa miezi mingi kisha akaanza tena. Huyo aulizwe kwa upole, na apelekwe kituo cha afya, kwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo na kisukari huweza kuanza hivyo. Ikiwa mwili wake hauna ugonjwa, basi kuna jambo limebadilika katika maisha yake: mtoto mchanga amezaliwa, wazazi wanagombana usiku, amehamia kwa ndugu asiyemzoea, au kuna mtu anayemdhuru. Godoro lililoloa lilikuwa taarifa. Waliolizungusha mtaani walikuwa wakiitangaza taarifa hiyo bila kuisoma.

Shule huja na vipimo vyake. Nchini Tanzania kanuni za viboko za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kwa masharti: itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Aliyeketi darasani anajua umbali uliopo kati ya kanuni na desturi. Utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa miaka 13 hadi 24 walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na takriban robo walipata ukatili wa kihisia kutoka kwa mtu mzima. Kiboko cha kosa la nidhamu na kiboko cha jibu lisilo sahihi havina matokeo sawa. Cha pili kinamfundisha mtoto kwamba kujaribu ni hatari, na somo hilo hulikumbuka kuliko jedwali la kuzidisha. Mwandishi aliwajua wanafunzi waliokuwa na jibu sahihi kwenye daftari lakini hawakuinua mkono hata mara moja muhula mzima.

Kuna jeraha lisiloacha alama mwilini, nalo hutolewa siku ya kufunga shule. Wanafunzi hupangwa mstarini, watatu wa kwanza hupewa madaftari na makofi, kisha katika baadhi ya shule wa mwisho nao huitwa mbele. Nyumbani jina la kilaza linakuwa limeshafika kabla yao. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora kitaifa, uamuzi uliopingwa na wengi kwa madai kwamba unaua ushindani. Kwa aliyewaona waliosimamishwa mstarini wakiwa wa mwisho, uamuzi huo ulikuwa sahihi, na ulipaswa kufika hadi kwenye mistari ya shule za msingi. Mwalimu anahitaji kujua nani yuko nyuma ili amsaidie. Kijiji kizima hakihitaji kujua.

Sifa pia ina namna yake. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa darasa la tano nchini Marekani. Wote walifanya zoezi lisilo gumu sana. Baadhi walisifiwa kwa akili zao, wengine kwa bidii yao, kisha wakapewa zoezi gumu lililowashinda. Waliosifiwa kwa akili walikata tamaa mapema zaidi, na zoezi lililofuata walilifanya vibaya kuliko la kwanza. Waliosifiwa kwa bidii waliendelea kujaribu. Sababu inaeleweka: aliyeambiwa ana akili, akishindwa huona akili yenyewe imekwisha, lakini aliyeambiwa amejitahidi anajua la kufanya. Kwa hiyo ni bora mzazi akiona daftari aseme kwamba mwandiko wa wiki hii umenyooka kuliko wa wiki iliyopita. Mtoto husikia kwamba kazi yake imetazamwa kweli.

Mtoto asiyefanya vizuri darasani anahitaji mahali pengine pa kuaminiwa. Katika shule moja kengele ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na mwandishi alimpa kazi ya kuigonga mvulana ambaye alikuwa hasemi na mtu na aliyezoea kupotea njiani kila Jumatatu. Kwa kuwa bila yeye shule isingeingia darasani, alianza kufika wa kwanza. Hakugeuka kuwa mzungumzaji, na kusoma kuliendelea kumpa shida hadi darasa la saba. Lakini aliacha kukwepa shule, na wenzake walianza kumwita kwa jina lake.

Hakuna mahali ambapo watu wazima huwaonea watoto bila kukusudia kama kwenye msiba. Watoto huondolewa nyumbani, hupelekwa kwa jirani, na wakirudi huambiwa kwamba baba amesafiri. Nia ni kuwaepusha na uchungu. Mwandishi alikuwa na mwanafunzi wa darasa la pili ambaye kila Ijumaa aliomba ruhusa ya kutoka mapema. Ilichukua muda kugundua kwamba alikuwa akienda kituoni kungoja basi la kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa aliambiwa baba yake amekwenda huko kutafuta kazi. Baba alikuwa amezikwa miezi mingi nyuma, nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani. Kila mtu mtaani alijua isipokuwa yeye, na watoto wakubwa walikuwa wameanza kumtania. Baada ya kuongea na mwalimu, bibi yake alimketisha akamwambia ukweli kwa maneno machache, akampeleka kaburini. Mtoto alilia, akauliza kama baba anasikia baridi, akakasirika kwa siku kadhaa na kukataa kula kwa bibi. Hasira yake ilikuwa ya haki: alikuwa amedanganywa na watu anaowategemea. Safari za Ijumaa zilikoma.

Watoto wengi huanza kuelewa kati ya miaka 5 na 7 kwamba mtu akifa harudi na kwamba mwili wake hausikii njaa wala maumivu. Kabla ya hapo watauliza swali lilelile mara nyingi, na kila mara wastahili jibu lilelile la kweli. Maneno kama amesafiri au amelala huwaongezea mzigo: wengine huanza kuogopa kulala, wengine huogopa kila mama anapopanda gari. Wengi pia hujilaumu kimyakimya, wakidhani kifo kilikuja kwa sababu walikuwa watukutu. Lazima waambiwe waziwazi kwamba hawakukisababisha.

Afrika Mashariki ina mfano mzuri wa kuigwa katika jambo hili. Nchini Uganda, katika miaka ya 1990, wanawake wanaoishi na VVU waliokuwa katika chama cha NACWOLA walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Wakati huo dawa za kufubaza virusi hazikuwafikia wengi, na mama alijua kwamba huenda asimwone mwanawe akikua. Katika kitabu aliandika mtoto alivyozaliwa, ukoo wake ni upi, jamaa wako wapi, alikuwa mtoto wa namna gani, mama alipenda nini na alitarajia nini. Kazi ya kuandika ilimlazimu mama kuzungumza na mtoto kuhusu ugonjwa wakati bado yuko hai wa kumjibu maswali. Kwa hatua hiyo walimtendea mtoto kama mtu anayeweza kuubeba ukweli akisaidiwa, na hakuna heshima kubwa zaidi ambayo mkubwa anaweza kumpa mdogo.

Ujana unakuja na mabadiliko ya mwili, na hapa ukimya wa wazazi huwa mzito zaidi. Zamani msichana alikuwa na somo wake, na mvulana alikuwa na wakubwa wa jando. Yapo mambo katika mafunzo hayo yaliyostahili kuachwa, ila wazo la kumpa kijana mtu mzima maalumu wa kumuuliza lilikuwa jema, na familia nyingi hazikuweka mbadala wake. Mvulana huambiwa mwanaume halii, kisha watu hushangaa anapoonyesha huzuni kwa ngumi. Kidato cha kwanza huongeza jingine kwa Watanzania wengi waliosoma shule za msingi za serikali: lugha ya kufundishia hubadilika kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na mtoto aliyekuwa msemaji wa darasa hunyamaza ghafla kwa kuogopa kuchekwa. Ukimya huo usichukuliwe kuwa ni uvivu wala kiburi. Mwalimu anayekubali swali kwa Kiswahili kisha akasaidia kulisema kwa Kiingereza humrudisha mwanafunzi darasani.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, takriban theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na mengi hayagunduliwi. Dalili zake nyumbani ni za kawaida kiasi cha kupuuzwa: tumbo linalouma kila Jumatatu asubuhi na kupona Ijumaa, usingizi uliovurugika, kuacha michezo aliyoipenda, kujitenga, hasira zisizoeleweka, alama kuporomoka. Kijana aliyebadilika hivyo asikalishwe mbele ya kikao cha ukoo. Mazungumzo mazuri hufanyika mikono ikiwa na kazi, wakichambua mchele au wakitembea kutoka shambani, ambapo hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake machoni. Mzazi aulize swali moja, kisha angoje. Akiambiwa jambo la kutisha, asipige kelele na asianze kuhutubia. Kijana anayesema anatamani kufa aaminiwe na asiachwe peke yake hadi msaada upatikane.

Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia hadi utu uzima watoto waliozaliwa mwaka 1955. Miongoni mwa waliokulia katika ufukara, ugomvi na maradhi ya wazazi, takriban theluthi moja walikua watu wazima wenye uwezo, wanaojiamini na wanaowajali wengine. Walikuwa na mambo kadhaa yaliyofanana, na mojawapo lilijitokeza tena na tena: kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemjali bila kuyumba. Mara nyingi mtu huyo hakuwa mzazi. Alikuwa bibi, shangazi, jirani au mwalimu.

Kila mtu mzima anayesoma haya anaweza kuwa mtu huyo kwa mtoto fulani aliye karibu naye, na amtazame yule mpole zaidi kwanza. Pale tatizo linapozidi uwezo wa nyumba, nchini Tanzania wapo maofisa ustawi wa jamii katika halmashauri, madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na huduma ya simu kwa mtoto kwa namba 116, Bara na Zanzibar. Kenya nayo hutumia namba hiyohiyo. Simu hiyo haitozwi malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.